TOLEO LA MUHULA

Na Mweka Hazina wa Chama, Kidato cha Tatu

Mwaka huu mhariri alitutaka kila mmoja alete makala ya kufunza, si ngano na vitendawili peke yake. Wenzangu wamekimbilia ngeli na uakifishaji. Mimi nimechukua jambo nililojionea kwa macho yangu likizoni, Desemba 2024, katika ofisi moja kando ya Barabara ya Ngong, si mbali na uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Ni jambo la kompyuta, lakini usifunge gazeti bado. Kiini chake ni neno moja lililoeleweka vibaya, na maneno ndiyo kazi yetu chamani.

Dada yangu mkubwa ni mwundaji wa programu. Ofisi yao ina waundaji wanne, nao wametengeneza programu ambayo zahanati ndogo ndogo hutumia kuhesabu dawa zilizobaki stoo. Kila mmoja huandika sehemu yake. Sehemu hizo lazima ziunganishwe, zijaribiwe, zifungashwe, kisha zipelekwe kwa wateja. Kazi hiyo ya kuunganisha haifanywi na mtu. Hufanywa na programu nyingine iitwayo Jenkins.

Ili uelewe, fikiria gazeti hili. Walimu wetu husimulia kwamba zamani makala yalipigwa taipu kwenye stensili, yakadurufiwa, yakapangwa kurasa kwa kurasa na kubanwa kwa stepla. Ukurasa mmoja ukikosewa, kazi yote inarudi nyuma. Sasa fikiria katibu asiyelala. Kila mtu akileta ukurasa, hata usiku wa manane, yeye anakusanya gazeti zima upya, anasahihisha, na akipata kosa anakupigia kelele papo hapo. Asipopata, analijalidi na kulituma. Huyo katibu ndiye Jenkins.

Aliyeianzisha ni Mjapani, Kohsuke Kawaguchi, mwaka 2004 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sun Microsystems huko Marekani. Wakati huo iliitwa Hudson. Kampuni ya Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, pakazuka mzozo juu ya jina, na Januari 2011 wanaoitunza na kuitumia wakapiga kura kuibatiza Jenkins. Nembo yake ni mtumishi wa kizungu aliyevaa tai ya kipepeo, amening'iniza kitambaa mkononi, kama wale tunaowaona kwenye filamu za matajiri wa Uingereza. Ni programu ya bure, na yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoandikwa.

Sasa tuje kwenye matoleo. Wanaoitunza Jenkins hutoa toleo jipya kila juma. Toleo la juma lina namba mbili, kwa mfano 2.463. Lina mambo mapya, na wakati mwingine lina makosa mapya. Ofisi yenye kazi nyeti haitaki mshangao kila juma. Kwa sababu hiyo, kila majuma 12 huchaguliwa toleo moja lililokwisha kuzoeleka, likawekwa kando na kutunzwa. Haliongezwi mapambo, ila huzibwa nyufa zake. Hilo hupewa namba ya tatu: 2.479.1, kisha 2.479.2, na kuendelea. Kwa Kiingereza huitwa kwa herufi tatu, LTS, maana yake toleo la huduma ya muda mrefu.

Muda mrefu! Hapo ndipo dada na wenzake walipojikwaa.

Kompyuta yao kubwa, yaani seva, inatumia Ubuntu (jina ambalo sisi Wabantu hatuhitaji kutafsiriwa, ni utu huo huo wetu). Ubuntu nayo ina matoleo ya huduma ya muda mrefu, na kila moja hutunzwa miaka mitano. Ni kama vitabu teule vya fasihi. Tamthilia mpya hutoka madukani kila siku, lakini shule hushika moja kwa miaka kadhaa. Tulipohama kutoka Kigogo kwenda Bembea ya Maisha, hakuna mwanafunzi aliyestuka asubuhi moja, tulijua mapema. Basi ofisini walipoona herufi zile zile tatu kwenye Jenkins, walidhani ni miaka ile ile mitano. Waliweka toleo 2.289.3 mwaka 2021, wakaketi kitako.

Kumbe muda mrefu wa Jenkins ni kama majuma 12 tu. Toleo linalofuata likichaguliwa, lile la nyuma linaachwa. Ukihesabu, hiyo si miaka, ni muhula mmoja wa shule! Ndiyo maana katika makala haya ninapendekeza tuliite toleo la muhula. Wataalamu wa istilahi wanisamehe, lakini jina hili linasema ukweli, na lile lingine lilimdanganya dada yangu.

Kwa miaka mitatu hawakuigusa. Wakati huo matoleo ya muhula zaidi ya kumi yalipita mbele ya mlango wao. Tena tarehe 24 Januari 2024 ilitangazwa kwamba Jenkins ina tundu: mtu wa nje angeweza kusoma mafaili ya ndani ya seva kupitia njia ya kutolea amri. Tundu lilizibwa katika toleo la juma 2.442 na toleo la muhula 2.426.3. Lakini aliyebaki kwenye 2.289 hakuzibiwa kitu. Mkubwa wao wa kazi alizipata habari hizo zikiwa zimechacha, akataka kazi ifanyike mara moja.

Ijumaa jioni dada akasema, "Nipe dakika kumi tu, tutapitia kwa mama mboga twende nyumbani." Akairusha Jenkins moja kwa moja kutoka 2.289.3 hadi 2.479.1.

Jenkins haikuamka. Sababu ya kwanza ni Java, ile lugha ambayo Jenkins imejengwa juu yake. Seva yao ilikuwa na Java 8. Tangu toleo la muhula 2.361.1 la Septemba 2022, Jenkins ilidai Java 11, na ilipofika 2.479.1, Oktoba 2024, ikadai 17 au 21. Dada akaweka Java 17. Ikaamka, lakini ikawa kama mtu aliyeamka na homa. Plagini, yaani vile vijiprogramu vya kuiongezea uwezo, zilikuwa za 2021. Katika 2.479.1 misingi ya ndani inayoshughulikia usalama na kurasa ilibadilishwa, kwa hiyo plagini nyingine za kale zilikataa, hata ile ya kuwaruhusu watu kuingia. Dada mwenyewe alifungiwa nje ya seva aliyokuwa akiitunza. Akajaribu kurudi kwenye toleo la zamani. Lo! Mafaili mengine yalikuwa yameandikwa upya kwa mtindo mpya, na la zamani halikuweza kuyasoma. Kurudi nyuma si safari ambayo Jenkins inakuahidi.

Msomaji, usidhani ni mchezo wa vijana na mashine zao. Jumamosi hiyo zahanati mbili zilipiga simu. Programu ilikuwa ikionyesha kwamba dawa fulani za watoto zimo stoo, na muuguzi akienda kwenye kabati hakuti kitu. Kosa lenyewe lilikuwa limekwisha kupatikana na kusahihishwa tangu Ijumaa asubuhi. Lakini sahihisho lilikuwa kwenye meza ya mwundaji, na katibu wa kulipeleka alikuwa amelala chini. Dada alikaa kwenye simu akiwasomea wauguzi hesabu, dawa moja moja. Sikuwahi kumwona akitetemeka sauti hivyo.

Waliokolewa na nini? Na chelezo. Kwa wavuvi wa pwani, chelezo ni kile kinachoelea juu ya maji kukuonyesha ulikozamisha kitu chako. Mimi napenda kulitumia neno hilo kwa nakala ya akiba. Fundi wao wa mitambo alikuwa na nakala ya seva nzima ya Jumapili iliyotangulia. Jambo zuri la Jenkins ni kwamba mambo yake yote hukaa katika folda moja. Kwenye Ubuntu ni /var/lib/jenkins. Kazi, plagini, watumiaji, vyote vimo humo kama mafaili ya kawaida. Lakini angalia: ndani yake mna folda iitwayo secrets, na humo ndimo ulimo ufunguo wa maneno yote ya siri. Ukinakili kazi ukaiacha hiyo, umebeba kasha bila ufunguo.

Jumapili fundi akaja na kompyuta ya pili, iliyokuwa ikikaa bure. Kwanza aliirudisha nakala ile ile ya zamani kwenye seva, sahihisho la dawa likapelekwa, na simu zikanyamaza. Kisha akaiweka nakala hiyo hiyo kwenye kompyuta ya pili akasema hapo ndipo pa kuvunja vitu. Nilimwandikia hatua zake daftarini.

Hakubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Kwanza aliacha Jenkins ya zamani vile vile, akabadilisha Java tu, kutoka 8 hadi 11, maana 2.289 huzikubali zote mbili. Akaijaribu kazi moja, ikapita. Akapanda hadi 2.346, akasasisha plagini, akajaribu tena. Kisha 2.426.3, lile lililoziba tundu, na plagini tena. Plagini moja haikuwa na mtunzaji tena. Ikaondolewa, na kazi yake ikaandikwa upya kwa mistari michache. Hapo ndipo akaleta Java 17, na mwisho 2.479.1. Kila kituo alinakili folda kabla ya kupanda. Na kabla ya kila kituo alisoma maelezo ya upandishaji, yakiwemo ya matoleo aliyoyaruka, kwa sababu mtego huwekwa mara nyingi katika lile uliloliruka. Ile kazi ya dakika kumi ilichukua saa sita.

Jumatatu usiku walirudia hatua hizo kwenye seva yenyewe. Safari hii dada alianza kwa amri ya kujiandaa kuzimwa, inayoziacha kazi zilizo njiani zimalizike na kuzuia mpya zisianze. Saa nne usiku nikamwona anacheka. Juu ya meza yake sasa pana kalenda ya shule, ile yangu mimi! Ameichukua kwa sababu ina tarehe za kufungua na kufunga, na kila muhula ukianza yeye hupandisha hatua moja.

Maswali ya kujipima (majibu ajulishwe mwandishi, darasa la Tatu Mashariki, wakati wa mapumziko):

1. Ofisi fulani inatumia toleo 2.463. Je, ni toleo la juma au la muhula? Umejuaje?

2. Kwa nini fundi alibadilisha Java kabla ya kuigusa Jenkins yenyewe?

3. Toa istilahi yako ya Kiswahili badala ya toleo la muhula, na uitetee mbele ya chama. Mwalimu mlezi amekwisha kuniambia yangu haimpendezi.