SOMO LA ROBO HII: KUBADILISHA NYAYA NA BOKSI LA UMEME KATIKA NYUMBA ZA ZAMANI



Parokia nyingi za Tanzania na Kenya zina nyumba ya mapadre, ofisi au hosteli iliyojengwa miaka ya 1950 na 1960. Kuta zake bado ni imara, nasi tunajivunia kazi ya waliotutangulia. Lakini juu ya dari kuna kitu kisichodumu kama ukuta, nacho ni nyaya za umeme. Somo hili linahusu namna ya kuzibadilisha. Aidha, linahusu kosa moja la kuepuka: kununua boksi jipya la umeme, kulifunga ukutani, na kuziacha nyaya za zamani zilivyo.

Lengo la somo: baada ya kulisoma pamoja, wanakamati waweze kumwuliza fundi maswali yanayofaa, kupanga kazi kwa hatua, na kutambua kazi iliyokamilika.

1. Kilichobadilika ni matumizi

Tuchukue mfano wa nyumba yenye vyumba sita. Ilipojengwa ilikuwa na taa kumi za wati 60, redio na friji moja, jumla takriban wati 850. Kanuni ni rahisi: gawanya wati kwa volti, utapata ampea. Tanzania hutumia volti 230, kwa hiyo nyumba ile ilihitaji chini ya ampea 4.

Leo nyumba hiyo hiyo ina birika la umeme (wati 2,000), pasi (1,200), hita ya maji ya kuogea (3,000), jiko la sahani mbili (2,000), mashine ya fotokopi (1,200) na friza (250). Hizo ni wati 9,650, yaani karibu ampea 42. Ni kweli kwamba vyote haviwashwi kwa pamoja kila saa. Hata hivyo, jioni moja ya mkutano wa kamati, maji ya chai yakichemka, fotokopi ikifanya kazi na mgeni akioga, inatosha kuzipa nyaya mzigo ambao hazikuwekewa.

2. Fyuzi inalinda nini?

Watu wengi hudhani kwamba fyuzi au breka inalinda friji au kompyuta. Sivyo. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya uliofichwa ukutani na darini. Umeme ukizidi uwezo wa waya, waya hupata joto, na joto hilo huongezeka kwa kasi: ampea zikiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa huongezeka mara nne. Fyuzi inapaswa kukatika kabla waya haujaungua.

Hapo ndipo hatari ya maboksi ya zamani ilipo. Fyuzi zake ni za kufunga uzi wa waya. Ukikatika usiku, anayekuja kuutengeneza hufunga uzi wowote alio nao, mara nyingi mnene zaidi. Taa zinawaka na watu wanashukuru. Lakini tangu usiku ule, kitakachoungua kwanza si fyuzi tena. Ni waya ulio darini, karibu na mbao.

Boksi jipya lenye breka haliondoi hatari hiyo lenyewe. Breka ya ampea 32 ikifungwa kwenye waya mwembamba wa taa, tumerudia kosa la uzi mnene kwa gharama kubwa zaidi. Na breka ya kipimo sahihi ikifungwa kwenye nyaya zilizochakaa, huenda ikajizima kila mara, mpaka mtu achoke na kuomba iwekwe kubwa zaidi. Breka inayojizima inatuambia kuna tatizo. Tafuteni chanzo chake kabla ya kuibadilisha.

3. Dalili za kutafuta katika nyumba

Nyaya zilizowekwa kabla plastiki haijaenea zilifunikwa kwa mpira, na mara nyingi juu ya mpira palikuwa na kitambaa. Mpira huo hukauka na kupasuka, hasa karibu na vishikio vya taa na chini ya bati lenye joto. Ukiugusa unapukutika, na shaba inabaki wazi. Waya wa namna hii haurekebishwi. Huondolewa.

Dalili nyingine ni hizi:
– soketi za matundu ya duara, au soketi na swichi zenye weusi wa kuungua;
– harufu ya plastiki inayoungua, au swichi yenye joto ukiigusa;
– taa zinazofifia pasi inapowashwa;
– kusikia shoti kidogo ukigusa friji, bomba la maji au swichi ya chuma;
– soketi moja iliyobebeshwa vifaa vitano kwa waya wa kuongezea;
– viungio vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe darini.

Dalili ya shoti isisubiri kikao kijacho. Zimeni umeme wa sehemu hiyo, mwiteni fundi siku hiyo hiyo.

Jihadharini pia na jambo lisilo la umeme. Dari za nyumba za zamani, na hata vipande vya ndani ya maboksi ya fyuzi, vinaweza kuwa na asibestosi. Vumbi lake huleta maradhi makubwa ya mapafu baada ya miaka mingi. Mkishuku hivyo, msitoboe, msikate wala msifagie vumbi lake. Ombeni ushauri wa wataalamu kabla ya kazi kuanza.

4. Hatua za kazi

Hatua ya kwanza: ukaguzi. Fundi apime kila sakiti, yaani kila njia ya umeme inayotoka kwenye boksi, kwa kifaa cha kupima uzima wa ganda la waya. Kwa nyaya za volti 230 hupimwa kwa volti 500, na jibu lisipungue megaomu 1. Kamati ipewe majibu kwa maandishi, chumba kwa chumba. Anayetaja bei bila kupima anabahatisha.

Hatua ya pili: orodha ya mzigo. Wanakamati wenyewe waandike kila kifaa na wati zake, pamoja na vile wanavyotarajia kununua katika miaka kumi ijayo. Mzigo ukizidi uwezo wa laini inayoingia, maombi yapelekwe TANESCO, au Kenya Power kwa wenzetu wa Kenya. Mita, laini iliyo kabla yake na lakiri zake si mali ya parokia. Fundi wetu asiziguse.

Hatua ya tatu: mchoro na vipimo. Vipimo vya kawaida vya nyaya za shaba ni hivi:
– taa: milimita za mraba 1.5, breka ya ampea 6 au 10;
– soketi za chumba au ofisi: milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 20;
– hita ya maji ya wati 3,000: milimita za mraba 2.5, njia yake peke yake, breka ya ampea 16;
– jiko la wati 6,000: milimita za mraba 6, njia yake peke yake, breka ya ampea 32.

Vipimo hivi ni mwanzo wa hesabu. Mhandisi au fundi lazima aangalie urefu wa njia na joto la darini. Kwa mfano, waya wenye ganda la kawaida la plastiki unaoweza kubeba ampea 20 katika nyuzijoto 30 hubeba takriban ampea 14 tu katika nyuzijoto 50. Chini ya bati, mchana wa jua kali, joto hilo si la ajabu.

Hatua ya nne: ethi. Nyumba nyingi za zamani hazina waya wa ethi kwenye taa, na pengine fimbo ya ethi nje imeliwa na kutu au waya wake umekatwa na jembe la mtunza bustani. Ethi huupa umeme uliovuja njia ya kupita, ili breka izime badala ya umeme huo kupita kwenye mwili wa mtu. Katika boksi jipya iwekwe pia breka ya umeme unaovuja, ya miliampea 30. Hii ndiyo inayolinda mtu. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni kila mnapopokea toleo jipya la jarida hili, yaani kila miezi 3. Isipozima, haifanyi kazi.

Hatua ya tano: kutandaza na kuondoa. Kazi ifanywe sehemu kwa sehemu ili watu wasikose makazi, kuanzia jikoni na ofisini penye mzigo mkubwa. Nyaya mpya zipitishwe ndani ya mabomba, na viungio viwe ndani ya maboksi yanayofikika. Za zamani zitolewe na kukatwakatwa, zisije zikafungwa kwenye banda la kuku au jikoni kwa jirani.

Fundi awe mwangalifu na rangi. Kwa utaratibu wa zamani wa Uingereza, uliofuatwa pia huku kwetu, waya wa moto ulikuwa mwekundu na wa nyutro mweusi. Sasa wa moto ni wa kahawia na wa nyutro ni wa buluu. Penye umeme wa njia tatu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu waya wa buluu wa zamani ulikuwa wa moto, na mweusi wa leo ni wa moto vilevile. Pasipobadilishwa nyumba nzima, alama ziwekwe wazi kwenye boksi. Na kila mara fundi apime. Asiamini rangi peke yake.

Hatua ya sita: majaribio na hati. Kila sakiti ipimwe upya. Kamati ipokee majibu ya vipimo, hati yenye jina na namba ya leseni ya aliyefanya kazi, na mchoro wa nyumba. Kila breka iandikwe inazima wapi.

5. Fundi na vifaa

Tanzania, wanaofunga umeme majumbani hupewa leseni na EWURA chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Kenya, kazi hiyo ni ya EPRA chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Leseni zina madaraja, kwa hiyo ulizeni pia kama daraja la fundi linaruhusu kazi yenu. Muumini anayejitolea tunamshukuru, lakini kujitolea hakuchukui nafasi ya leseni. Asiye nayo anaweza kuchimba mifereji ya ukutani na kubeba mabomba chini ya usimamizi.

Kuhusu nyaya, angalieni alama ya ubora ya TBS au KEBS, kisha mzipime wenyewe. Rola ya mita 100 ya waya mmoja wa milimita za mraba 2.5 ina takriban kilo 2.2 za shaba peke yake, bila ganda. Rola nzima, pamoja na ganda lake, isipofika uzito huo, shaba imepunwa au si shaba. Kwangueni ncha ya waya kwa kisu: ndani pakiwa peupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Irudisheni dukani. Mzani wa sokoni unatosha kwa kazi hii.

6. Neno kwa wahisani

Kazi hii ina ugumu wake katika kuomba na kutoa fedha. Darasa jipya linapigwa picha na kuwekewa jiwe la msingi. Waya ukishafukiwa ukutani hauonekani tena, na nyumba inaonekana kama ilivyokuwa jana. Kwa sababu hiyo ni rahisi fungu la umeme kupunguzwa ili rangi na vigae vipatikane. Tunaomba mpangilio uwe kinyume: umeme kwanza, kisha lipu na rangi. Ukuta uliopakwa rangi leo na kuchimbwa mwakani ni fedha iliyotolewa mara mbili.

Ili wahisani waone walichotoa, kamati ipige picha kabla mifereji haijafunikwa, na kuziambatanisha na majibu ya vipimo. Malipo yagawanywe katika sehemu tatu: ya vifaa, ya kazi inapofika nusu, na ya mwisho baada ya hati ya majaribio kupokelewa. Fedha zisipotosha, kamilisheni sehemu moja ya nyumba kabisa, kuanzia breka hadi soketi, na kuzima sehemu nyingine yenye hatari mpaka zamu yake ifike. Kugawa fedha kidogo kidogo nyumba nzima huacha hatari kila chumba.

Katika nyumba hizi hulala mapadre, wageni, makatekista walio mafunzoni na wanafunzi wa hosteli. Hakuna hata mmoja wao anayejua kilichopo juu ya dari. Wanaamini kwamba kamati inajua.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Nyumba yetu ilijengwa mwaka gani, na nyaya zake zilikaguliwa lini mara ya mwisho? Hati iko wapi?
2. Tukijumlisha wati za vifaa vyetu vyote na kugawa kwa volti, tunapata ampea ngapi? Boksi letu linaruhusu ngapi?
3. Je, tuna breka ya umeme unaovuja? Nani amepewa jukumu la kubonyeza kitufe chake kila miezi 3?
4. Ni chumba kipi tunapaswa kukizima leo, bila kusubiri mhisani?