Usiuze pistoni kwa jina la gari: maswali 6 ya kumuuliza mteja kabla hujapokea hela

Leo tuongelee oda moja inayowaponza wengi tunaouza spea mtandaoni: pistoni za magari ya zamani. Nazungumzia Land Rover za miaka ya 60 na 70, Peugeot 504, Volkswagen Beetle, Datsun 1200 na wenzao. Soko lipo, watu wanayafufua haya magari. Arusha mwaka 2024 lilifanyika tamasha zima la Land Rover. Kwa hiyo meseji zitakuja tu, na mara nyingi zinakuja hivi:

"Kaka, una pistoni za Land Rover Series 3? Bei gani mpaka Mbeya?"

Hapo mkono unawasha kutuma bei. Subiri kwanza, tupige hesabu.

Tuseme seti ya pistoni 4 na ringi zake umeichukua kwa 400,000, unaiuza 470,000. Umeituma kwa basi kwa 10,000, fundi kaiangalia, kasema saizi siyo. Mzigo unarudi kwa 10,000 nyingine. Faida ya 70,000 imeondoka, 20,000 imetoka mfukoni, na 400,000 yako imelala dukani inasubiri Land Rover nyingine yenye saizi ile ile. Inaweza kusubiri mwaka mzima.

Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni pale fundi anapochonga bloku kwa kufuata saizi uliyomtajia kwenye simu, halafu pistoni zikifika ni nyingine. Chuma kikishatoka kwenye silinda hakirudi. Mtu ana gari la baba yake, bloku ya kubadilisha hapati kirahisi, na jina linalotajwa kila akisimulia ni la duka lako.

Haya mambo sikuyasoma chuo, nimeyapata kaunta na kwa kukaa na mafundi wa mashine. Ukiyashika utauza bila presha.

KWA NINI JINA LA GARI HALITOSHI

Injini ikitumika miaka mingi, silinda inalika. Haiwi duara tena, inakuwa kama yai, na juu inalika kuliko chini. Fundi anayefanya ovaholi anaipanua kidogo hadi iwe duara safi, halafu inawekwa pistoni kubwa zaidi ya ile ya kiwandani. Hiyo pistoni kubwa ndiyo tunaita ovasaizi.

Kwa hiyo Land Rover mbili zilizotoka kiwandani siku moja leo zinaweza kutaka pistoni tofauti. Moja haijawahi kuchongwa, nyingine imechongwa mara mbili. Jina ni lile lile, saizi mbalimbali.

MASWALI 6

1. Namba ya injini ni ipi?

Usiulize modeli ya gari peke yake. Magari haya yamepita mikono mingi, na Series 3 yenye injini ya Toyota au Isuzu ni kitu cha kawaida. Mwambie mteja apige picha namba iliyogongwa kwenye bloku. Kadi ya gari isikudanganye, inaweza kuwa na namba ya injini iliyotolewa zamani.

2. Petroli au dizeli, na cc ngapi?

Hapa Land Rover inakamata watu vizuri sana. Injini ya petroli ya 2.25 ni cc 2286. Injini ya dizeli ya 2.25 nayo ni cc 2286. Kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 90.47, na mwendo wa pistoni kwenda juu na chini ni ule ule, milimita 88.9. Ukitafuta kwa cc na kipenyo tu utaona zinafanana. Lakini petroli ya Series 3 inabana hewa kwa uwiano wa 8 kwa 1, na dizeli inabana 23 kwa 1. Pistoni ya dizeli imetengenezwa kubeba mgandamizo huo na kichwa chake kina umbo lake. Hazibadilishani hata kidogo.

3. Pistoni iliyotoka imeandikwa nini kichwani?

Mwambie afute kaboni juu ya pistoni, aipige picha. Mara nyingi utaona STD, maana yake saizi ya kiwandani, au utaona namba ya ovasaizi. Kuwa makini na namba hizi, ziko za aina mbili.

Injini za Uingereza wanatumia inchi. 020 ni elfu ishirini za inchi, sawa na milimita 0.508. Mafundi wanaita "twenti". 030 ni milimita 0.762, na 040 ni milimita 1.016. Injini za Japani wanatumia milimita moja kwa moja: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Datsun 1200 silinda yake ni milimita 73, hivyo pistoni ya 0.50 ni ya silinda ya 73.50.

Mteja akikuandikia "nataka 20", muulize: ishirini ya inchi au ya milimita? Ukitafsiri 020 kuwa milimita 0.20 umeshapotea.

Kumbuka pia kwamba pistoni ya zamani inakwambia ilikotoka injini. Haikwambii inakokwenda. Kama iliyotoka ni 020, inayofuata karibu kila mara itakuwa kubwa zaidi.

4. Vipimo vya silinda zote viko wapi?

Hili ndilo swali la hela. Vipimo vitoke kwa fundi wa mashine mwenye kifaa cha kupimia ndani ya silinda, sio rula na sio macho. Kila silinda ipimwe juu, katikati na chini, na kila sehemu ipimwe pande mbili. Hivyo silinda moja inatoa namba 6. Mteja akupigie picha karatasi.

5. Pistoni yenyewe ina vipimo gani?

Kipenyo peke yake hakitoshi. Omba vinne vingine: unene wa pini, umbali kutoka katikati ya pini hadi kichwani, umbo la kichwa (bapa, lenye shimo au lenye kibiongo), na unene wa kila ringi. Pini isipolingana haiingii kwenye konrodi. Umbali wa pini hadi juu ukizidi, pistoni inaweza kugonga valvu au hedi. Ukipungua, injini inakosa nguvu. Kichwa chenye kibiongo mahali pa bapa kinaongeza mgandamizo, na injini itaanza kugonga kwa petroli ya kawaida.

6. Kweli anahitaji pistoni?

Kuna wateja wanaotaka pistoni kwa sababu gari linatoa moshi wa bluu. Fundi akipima akakuta silinda bado ziko ndani ya kiwango na pistoni ni nzima, ringi tu na kusugua ukuta wa silinda vinaweza kutosha. Mwambie ukweli, muuzie ringi. Utapata hela ndogo leo, lakini huyo mtu akitaka gasketi, bearing au hedi anarudi kwako. Ila kama silinda imeshakuwa yai, ringi mpya haitaziba, na hapo nawe umwambie hivyo hivyo.

JINSI YA KUSOMA VIPIMO

Tuchukue mfano wa Land Rover petroli, kiwandani 90.47. Tuseme karatasi inaonyesha sehemu iliyolika zaidi kwenye kila silinda hivi:

Silinda ya 1: 90.62
Silinda ya 2: 90.65
Silinda ya 3: 90.88
Silinda ya 4: 90.60

Ukubwa wa silinda kwa 020 ni 90.98. Silinda ya 1, 2 na 4 zinaingia humo bila shida. Ya 3 ndiyo inayoamua. Imebakiza milimita 0.10 tu, na silinda hailiki sawa pande zote, upande mmoja huliwa zaidi. Fundi akitaka kuipanua huku katikati yake ikibaki palepale, alama zinaweza kubaki upande ulioliwa. Hapo yeye ndiye wa kusema kama 020 itasafisha au waende 030 au 040. Wewe muulize, usimwamulie. Na jibu lake litumike kwa zote nne, kwa sababu pistoni zote zinatakiwa ziwe saizi moja na uzito unaolingana.

Mteja akisema "nipe moja tu, tatu ni nzima", mweleze hilo. Pistoni moja ya kampuni nyingine yenye uzito mwingine inaleta mtetemo, na lawama zitakuja kwako.

Kama bloku imeshafika saizi ya mwisho na bado imelika, fundi anaweza kuweka slivu na kuirudisha saizi ya kiwandani. Hapo oda inabadilika, unauza STD. Ndiyo maana muulize mteja kama kuna slivu kabla hujaagiza chochote.

PISTONI KWANZA, KUCHONGA BAADAYE

Hii iandike ukutani. Fundi akishasema saizi, pistoni zinanunuliwa na kupelekwa kwake, ndipo anachonga. Sababu ni hii: pistoni ni alumini na bloku ni chuma. Alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo lazima kuwe na nafasi ndogo kati ya pistoni na ukuta. Nafasi ikiwa ndogo mno, pistoni inakaba injini ikipata moto. Ikiwa kubwa mno, inagonga na kula oili.

Nafasi hiyo inategemea pistoni ilivyotengenezwa. Zile za kufuliwa kwa mgandamizo huwa zinahitaji nafasi kubwa kuliko za kumiminwa. Kampuni inaandika kwenye boksi au kwenye kikaratasi cha ndani. Fundi anapima pistoni iliyo mkononi mwake, anaongeza nafasi iliyoandikwa, ndipo anachonga. Kwa hiyo kile kikaratasi usikitupe na boksi usilibadilishe. Vyote viende na mzigo.

MAGARI MAWILI YENYE UTARATIBU WAO

Peugeot 504 kwa kawaida haina mambo ya kuchonga bloku. Silinda zake ni slivu zinazotoka, zinazungukwa na maji. Unauza seti: slivu, pistoni, pini na ringi, vyote vimeshalinganishwa kiwandani. Cha kuuliza ni injini. Petroli ya cc 1796 ni milimita 84, ya cc 1971 ni milimita 88. Dizeli ya cc 1948 nayo ni milimita 88, kwa hiyo swali la petroli au dizeli liko palepale. Usichanganye pistoni na slivu za seti mbili.

Volkswagen Beetle nayo silinda zake zinatoka moja moja, zina mapezi ya kupozwa na hewa. Injini ya 1300 ni milimita 77, ya 1600 ni milimita 85.5. Hapa pia uza pistoni na silinda zake pamoja.

MZIGO UKIFIKA KWAKO

Fungua boksi kabla ya mteja. Mzigo wa magari haya mwingi umekaa stoo miaka mingi, na maboksi yamefunguliwa na watu wengi. Angalia mambo haya:

- Namba kichwani kwenye pistoni zote 4 ilingane na ya boksi.
- Pini na vibanio vyake viwepo vyote.
- Ringi zisiwe na kutu wala kuvunjika, na ziwe seti kamili.
- Pima uzito wa kila pistoni kwa mizani ndogo ya jikoni. Moja ikipishana sana na wenzake, rudisha.
- Kama una kifaa cha kupimia, pima kipenyo sehemu ya chini ya pistoni, upande usio na pini.

Piga picha kila kitu kabla ya kufunga. Picha hizo ndizo ushahidi wako.

MESEJI YA KUNAKILI

"Habari kaka/dada, asante kwa kututafuta. Ili nisikutumie kitu kisichoingia, naomba: (1) picha ya namba ya injini, (2) petroli au dizeli na cc, (3) picha ya pistoni ya zamani kwa juu na kwa ubavu, (4) karatasi ya vipimo vya silinda kutoka kwa fundi wa mashine, na saizi aliyosema, (5) kama bloku ina slivu. Tafadhali fundi asichonge mpaka pistoni zimfikie na azipime. Zikiwa na tatizo tunabadilisha kabla hazijafungwa. Bloku ikishachongwa au pistoni zikishafungwa hatupokei."

Wapo watakaoona maswali ni mengi waende kwa mwingine. Waache. Aliye makini na gari lake akisoma meseji hii anaona anaongea na mtu anayejua kazi, na mara nyingi namba ya fundi wake anakupa hapo hapo. Mpigie huyo fundi, jitambulishe, mwambie utamletea pistoni kabla hajachonga. Ukipata fundi wa mashine mmoja anayekuamini, oda zinazofuata atakuletea yeye, na vipimo vyake tayari viko kwenye karatasi.

Hifadhi somo hili, mtumie na mwenzako anayeuza spea.