SOMO LETU: GARI LINALOZIMA LIKIPATA JOTO

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Pikapu ya kikundi kimoja cha wakulima wa pamba ilikuwa inatoka Dutwa kwenda Bariadi. Siku hiyo haikubeba pamba. Ilimbeba mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Katikati ya safari injini ikazima, kimya! Dereva akapiga stata, injini ikazunguka lakini haikuwaka. Walikaa kivulini nusu saa. Injini ilipopoa, ikawaka. Mama alifika hospitali, akajifungua salama. Lakini ilikuwa bahati tu.

Gari hilo lilikuwa na tabia hiyo tangu zamani. Kikundi kilikuwa kimeshanunua betri mpya na plagi mpya. Fedha zilikwisha, ugonjwa ukabaki.

Fundi mmoja mzee akamwuliza dereva, "Kijana wangu, ulipima ugonjwa kabla ya kununua dawa?"

"Hapana, mzee. Nilibahatisha."

"Stata ilikuwa inazungusha injini vizuri?"

"Ndiyo, mzee. Vizuri kabisa."

"Basi betri haikuwa na kosa. Mmetupa fedha bure."

Ndugu msomaji, tujifunze kupima kama fundi huyo.

Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu: petroli, hewa na cheche ya umeme. Kikikosekana kimoja, inazima. Kwa hiyo pima palepale gari linapozima, kabla halijapoa. Likishapoa, kosa linajificha.

1. Tazama geji ya joto. Kama imepanda sana, huenda maji ya rejeta yamepungua au feni haifanyi kazi. HATARI! Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Maji yataruka na kukuunguza.

2. Kama geji iko sawa, fungua kifuniko cha tangi la petroli. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, kisha gari likawaka, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Lisafishe.

3. Pima cheche. Hakikisha hakuna petroli inayovuja, wala mtu anayevuta sigara. Chomoa waya wa plagi moja, uuchomeke kwenye plagi ya akiba. Laza plagi hiyo juu ya chuma cha injini. Usiishike kwa mkono. Mwenzako apige stata. Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu, umeme upo. Ukikosa cheche, shuku koili au kondensa. Ndani ya koili mna waya mwembamba. Ukichakaa, joto linautanua na umeme unakatika. Ukipoa, unashikana tena.

4. Kama cheche ipo, shuku petroli. Huenda chujio ni chafu. Au bomba limepita karibu na ekzosi, petroli ikachemka na kuwa mvuke. Pampu haiwezi kusukuma mvuke vizuri. Weka kitambaa chenye maji juu ya bomba na pampu. Gari likiwaka, umepata kosa. Sogeza bomba mbali na ekzosi.

Gari la kikundi lilikosa cheche. Fundi akaazima koili nzima, akaifunga. Gari likaenda Lamadi na kurudi bila kuzima. Ndipo wakanunua koili.

Kumbuka: injini ya dizeli haitumii cheche. Pikapu nyingi za siku hizi hazina kabureta, zinaongozwa na kompyuta. Nazo zina vifaa vidogo vinavyoshindwa kazi vikipata joto. Hizo zipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Lakini mweleze: lilizima saa ngapi, baada ya mwendo gani, geji ilisomaje, lilipoa kwa muda gani. Andika katika daftari la gari. Kalamu yako ni spana ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tunapima kabla gari halijapoa?
2. Dereva angejuaje kwamba betri ni nzima?
3. Kwa nini fundi aliazima koili kwanza?
4. Kijijini kwenu, mgonjwa husafirishwa na gari gani? Nani analikagua?