Vipande vya Chini ya Cherehani

Kila Januari shule zinapokaribia kufunguliwa, mafundi cherehani wa Tabora hawana usingizi. Mashati meupe, sketi na kaptula za bluu vinarundikana barazani, na kila mzazi anataka vya mwanawe vitoke leo. Jioni fundi akisukuma kiti chake nyuma, miguu yake imezama katika mabaki: pembe tatu zilizotoka kwenye kwapa, kanda nyembamba za kiuno, vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye gauni la harusi. Kesho asubuhi vinafagiliwa. Vingine huenda jalalani, vingine huchomwa pamoja na majani ya mwembe.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mafundi hao, wanagenzi wao na kila nyumba yenye sindano na uzi. Kinaeleza namna ya kugeuza mabaki hayo kuwa mfarishi, yaani shuka nene la kujifunika lililoshonwa kwa vipande na kutiwa kitu cha joto katikati. Tabora iko kwenye uwanda wa juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unaijua vizuri mifupa ya watoto na wazee.

Ni ajabu kitambaa kutupwa ovyo katika mji huu. Katika karne ya 19, Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ilipokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, kitambaa kilikuwa fedha. Watu walinunua chakula kwa kitambaa, waliwalipa wapagazi kwa kitambaa, na walitoa hongo kwa watemi ili wapite, vilevile kwa kitambaa. Kipimo kilikuwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, mikono minane ilifanya doti. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mabegani marobota marefu yaliyofungwa kwa kamba, na robota hilo liliitwa mtumba. Maneno hayo hayakufa. Kanga huuzwa kwa doti hadi leo, na mitumba imejaa sokoni, ingawa sasa ndani yake mna nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine.

Kitambaa kilichopendwa kuliko vyote njiani kiliitwa merikani, kwa kuwa kilitoka Marekani, hasa katika viwanda vya Massachusetts. Meli za Salem zilikileta Unguja, kisha kikapanda bara. Pamba yake ililimwa kusini mwa nchi hiyo na Waafrika waliokuwa watumwa. Katika jimbo la Alabama, kwenye kitongoji cha Gee's Bend, vizazi vya watumwa hao vilishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za shambani na magunia, kwa sababu baridi ilikuwa kali na duka lilikuwa mbali. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha za 10 kati yake.

Pwani nako kuunga vipande ni jambo la kale. Kanga yenyewe inasimuliwa kuwa ilianza kwa kuungwa: wanawake walinunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa, sita kwa pamoja, wakazikata tatu tatu, kisha wakazishona ubavu kwa ubavu zikawa vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona mtindo umeshika, wakaagiza kitambaa kilichopigwa chapa kizima. Ndiyo maana mpaka leo wengi huiita kanga leso. Anayedhani viraka ni alama ya ufukara na akumbuke vazi hilo lilivyoanza.

Mfano wa kufuatwa kwa karibu zaidi uko ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao baadhi ya wazee wao walivushwa bahari kutoka upande huu, wengi wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi, na hawahitaji cherehani. Hutandika sari kuukuu chini, kisha huanzia pembeni. Kipande cha kwanza huwekwa kwenye kona, ukingo wake hukunjwa ndani kwa kidole, na sindano huzama na kuibuka ikishika tabaka zote kwa pamoja. Kipande cha pili hulala juu kidogo ya cha kwanza, na hivyo huzunguka pande zote nne, duru ndani ya duru, hadi katikati. Mwisho kila kona hupewa pambo dogo la kitambaa kilichokunjwa, liitwalo phula, maana yake ua. Bila maua hayo, kwao mfarishi ni kama uko uchi.

Njia hii inawafaa mno mafundi wa Tabora, na sababu ni ya hesabu. Fundi akikata miraba ya sentimita 15 na kuacha sentimita 1 ya mshono kila upande, mraba unabaki sentimita 13. Miraba 70, yaani safu 10 za miraba 7, inatoa mfarishi wa mtoto wa sentimita 91 kwa 130, lakini robo ya kitambaa imekwisha kumezwa na mishono. Akikata miraba midogo ya sentimita 7, inabaki 5, na karibu nusu imepotea. Kwa mtindo wa Wasiddi kipande hutumika kwa umbo lake kilivyo, pembe tatu ikae kama pembe tatu, ukanda ukae kama ukanda.

Kabla ya kushona, vitambaa vitengwe. Uzi mmoja uchomolewe na kuchomwa kwa kiberiti, mbali na vitambaa vingine vyote: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Poliesta isichanganywe na pamba katika mfarishi mmoja, kwa sababu pasi inayonyoosha pamba huyeyusha poliesta. Wala isichomwe jalalani. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu ya wanaoishi jirani. Kisha vipande vyote vifuliwe. Kipande chekundu au cheusi kikiwa kimelowa kigandamizwe kwenye kitambaa cheupe, na kikiacha rangi kifuliwe tena peke yake hadi kiache kuchuja.

Kanga kuukuu, yenye urefu wa sentimita zipatazo 150 na upana wa 110, inatosha kuwa mgongo wa mfarishi wa mtoto. Katikati litandikwe blanketi lililochakaa au masweta ya mtumba yaliyofumuliwa mishono. Tabaka zishikizwe kwanza kwa bandi kubwa kubwa ili zisiteleze. Vipande vidogo kuliko kiganja visilazimishwe. Vikatwekatwe, vijazwe katika takia au mto.

Liko jambo moja la heshima. Kitenge alicholeta mteja ni chake, pamoja na mabaki yake, na wateja wengi wamewahi kunung'unika kimoyomoyo kipande kilipopotea. Fundi aulize: mama, haya nikufungie au niyaweke? Wengi watayaacha kwa moyo mweupe wakishaulizwa.

Gunia likitundikwa ubavuni mwa meza tangu msimu wa sare, litakuwa limejaa kabla ya baridi kuingia. Bluu na nyeupe zitakuwa nyingi mno humo, kwa hiyo fundi wa sare atafute mwenzake anayeshona vitenge, wabadilishane kilo kwa kilo.