Gia Nane, Gia Tisa: Somo Lililokula Bumu Langu

Wasomi wenzangu, wengi wetu tukisikia neno baiskeli tunaiona Phoenix ya babu kule kijijini: cheni moja, gia moja, basi. Lakini simama asubuhi barabara ya Nyerere, kuanzia Kipawa mpaka TAZARA, utaona baiskeli za mtumba kutoka Japani zikipenya kati ya daladala, na nyingi zina gia nyuma. Mimi ni mmoja wa wapandaji hao. Naishi Kipawa, nasoma ualimu Chang'ombe, na nauli ya kila siku nimeamua kuila mwenyewe badala ya kumpa konda.

Makala hii ni somo dogo kuhusu gia za nyuma: kwa nini seti ya gia tisa inaweza kuingia vizuri kwenye baiskeli ya gia nane na bado ikakataa kufanya kazi. Naiandika kwa sababu bumu lilipoingia nilipoteza elfu arobaini, halafu nikamtukana mtu asiye na kosa.

Kisa chenyewe

Baiskeli yangu ni ya gia 24. Namba hiyo isikutishe: mbele kuna visahani vitatu vya meno, nyuma vinane, tatu mara nane. Ukiambiwa gia 21, nyuma ni saba. 27, nyuma ni tisa. Seti ya visahani vya nyuma inaitwa kaseti. Meno ya kaseti yangu yalikuwa yamelika mpaka yakachongoka, na cheni ilikuwa inaruka kila nikikanyaga kwa nguvu.

Nikaenda Kariakoo. Muuzaji akaniuliza, "Unataka ya ngapi?" Nikaona ya tisa, mpya, inang'aa. Nikajiambia tisa ni zaidi ya nane, kwa hiyo nimepanda daraja. Nikalipa.

Jioni nikaipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwarobaini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini?" Akaigeuzageuza, akasema, "Hii itaingia, lakini haitafanya kazi."

Nikacheka. Itaingiaje halafu isifanye kazi? Nikambana aifunge tu. Akafunga. Kweli ikaingia, nati ikakaza.

Kesho yake nilikuwa na kipindi cha kwanza kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilipoanzia kisahani kidogo kabisa, kubofya mara mbili kulikwenda vizuri. Mara ya tatu cheni ikaanza kukwaruza. Mara ya tano ikasimama kati ya visahani viwili, haijui iende wapi. Nilifika shuleni nimechelewa dakika ishirini, mikono myeusi kwa grisi, Kidato cha Pili wananitazama. Jioni nikamfuata yule mzee, na mbele ya wateja wake nikamwambia ni mbabaishaji. Hakunijibu. Aliendelea kuziba pancha.

Mambo matatu lazima yakubaliane

Usiku nilikaa na rula, daftari na vipimo vya watengenezaji. Hiki ndicho nilichojifunza.

La kwanza ni kitovu cha gurudumu. Kuna friwili na kuna kaseti. Kwenye friwili, visahani na ule utaratibu unaolia tik-tik-tik ukiacha kukanyaga ni kitu kimoja, na chote kinasokotwa kwenye kitovu kama kifuniko cha chupa. Kwenye kaseti, ile tik-tik inabaki ndani ya kitovu. Visahani vinatelezeshwa kwenye mifereji yake, kisha nati inavifunga. Baiskeli nyingi za bei nafuu za gia sita na saba ni za friwili. Viwili hivi havibadilishani, hata kama idadi ya gia ni moja.

Kwa vitovu vya Shimano, kile cha kaseti ya gia nane ndicho hicho cha tisa. Kaseti ya gia saba nayo inaingia humo ukitanguliza washa ya milimita 4.5. Kinyume chake hakiwezekani: kitovu cha zamani cha gia saba ni kifupi, ukiweka ya nane inabaki nje. Sasa unaelewa kwa nini yangu iliingia bila shida. Kuingia ni mtihani wa kwanza tu.

La pili ni nafasi kati ya kisahani na kisahani. Fikiria dawati la shule linalotosha wanafunzi wanane. Ukitaka wakae tisa, huongezi dawati, unawaambia wasogee. Kaseti ni hivyo hivyo. Kutoka katikati ya kisahani kimoja mpaka katikati ya kinachofuata, kaseti ya Shimano ya gia saba ina milimita 5.0, ya nane 4.8, ya tisa 4.35. Visahani vinane vina nafasi saba, jumla milimita 33.6. Visahani tisa vina nafasi nane, jumla 34.8. Tofauti ya upana wote ni milimita 1.2 tu, ndiyo maana kwa macho zinafanana.

Hapo ndipo swichi ya gia iliyoko kwenye usukani inapoingia. Zamani mpandaji alikuwa anasogeza mkono wa gia taratibu mpaka cheni itulie, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Mwaka 1984 kampuni ya Shimano, iliyoanzishwa Sakai, Japani, mwaka 1921, ilitoa katika seti yake ya Dura-Ace mfumo wa kubofya: klik moja, kisahani kimoja. Ni raha, lakini swichi haina macho. Haijui kisahani kiko wapi. Inavuta waya kipimo kile kile kila mara na kuamini kitakikuta.

Swichi yangu ya nane ilikuwa inasogeza cheni milimita 4.8 wakati kisahani kinachofuata kiko 4.35. Kosa la klik moja ni milimita 0.45, unaweza usilisikie. Klik mbili, 0.9. Klik tatu, 1.35, kelele zinaanza. Klik tano, 2.25, na hiyo ni zaidi ya nusu ya nafasi yenyewe. Cheni ikikaa hapo, iko kati ya visahani viwili kabisa. Hakuna fundi wa kuliondoa kosa hilo kwa kukaza au kulegeza waya. Akirekebisha mwanzo, linahamia mwisho.

La tatu ni cheni. Urefu wa kila pingili ni ule ule kwa gia zote, milimita 12.7, lakini unene wa nje unatofautiana. Cheni ya gia nane ina takriban milimita 7.1, ya tisa takriban 6.6. Cheni nyembamba ya tisa inaweza kutumika kwenye kaseti ya nane. Cheni pana ya nane kwenye kaseti ya tisa inasugua kisahani cha jirani, na hiyo ndiyo ilikuwa kelele yangu nyingine.

Kabla hujalipa

Hesabu visahani vya nyuma. Hesabu na nafasi za swichi. Idadi hizo mbili zilingane, na cheni iwe ya idadi hiyo. Angalia kama ni friwili au kaseti. Ukitaka kuongeza gia, weka hela ya vitu vitatu: kaseti, swichi na cheni. Mkono wa nyuma unaohamisha cheni, kama ni wa Shimano wa gia nane, kwa kawaida unaweza kubaki ukihamia tisa. Ila usichanganye swichi ya Shimano na mkono wa SRAM bila kuuliza, maana nyingi hazivuti waya kwa kipimo kimoja.

Mimi sikuwa na hela ya vitu vitatu. Ile kaseti ya tisa nilimuuzia mwenzetu mmoja mwenye baiskeli ya gia 27, kwa nusu ya bei, nikatafuta ya nane.

Niliipeleka kwa mzee saa ambayo nilijua wateja wapo, kwa sababu nilimtukana wakiwepo.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba radhi. Kosa lilikuwa langu."

"Marahaba. Umegundua nini?"

Nikamfungulia daftari, nikamweleza zile 0.45 mpaka 2.25. Alisikiliza mpaka mwisho, akalichukua daftari akalitazama.

"Mimi hizi nukta sikuzisoma," akasema. "Mimi najua tu tisa kwenye nane inalia."

Akafunga ya nane, akazungusha pedali, akabofya mara saba. Kimya. Wakati nalipa akaichomoa ile kaseti yangu chakavu kutoka kwenye kopo lake na kunipa.

"Itunze. Siku ukienda tena Kariakoo, nenda nayo mkononi."