Somo la Sarufi: Jina la Jamii na Jina la Pekee

Mwalimu, andika ubaoni neno hili mara mbili: jamhuri, Jamhuri. Kisha waulize wanafunzi tofauti yake. La kwanza ni jina la jamii, maana nchi zilizo jamhuri ni nyingi. Kenya iliingia katika hesabu yao tarehe 12 Desemba 1964. La pili ni jina la pekee, la mtaa mmoja wa Nairobi, nalo huanza kwa herufi kubwa. Waeleze faida yake: mtoto aliyepotea mjini akisema, "Nakaa mtaani," hakuna ajuaye kwao, akisema, "Nakaa Jamhuri, karibu na Barabara ya Ngong," atafikishwa nyumbani.

Zoezi: Pambanueni majina haya: ziwa, Nakuru, mwezi, Desemba.