SOMO LA MKAAZI: Chagua stendi inayoifaa pikipiki yako na uwanja wako

Mkaazi wa Wadi ya Airport, na wakaazi wote wa kaunti,

Ukipita kwenye nyumba za kupanga za upande wa Magongo, au zilizo karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, jioni ya Jumapili hutakosa kumwona mwendeshaji bodaboda ameinamia pikipiki yake uani. Anakaza cheni, anabadilisha tairi au anaangalia breki kabla ya kazi ya Jumatatu. Hilo ni jambo jema. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila chombo cha barabarani kiwe katika hali salama, na anayekikagua chombo chake mara kwa mara huokoa pesa na maisha.

Tatizo ni namna pikipiki inavyosimamishwa. Mara nyingi imeegemezwa ukutani, au gurudumu limeinuliwa juu ya kreti ya soda au matofali mawili, huku watoto wakicheza hatua tatu kutoka hapo. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina uzito wa kilo 110 hadi 130. Ikianguka inaweza kuvunja mguu wa mtu mzima, na kwa mtoto madhara yake ni makubwa zaidi. Kama imetoka kazini, bomba la moshi linaunguza. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua stendi ya kuinulia pikipiki nyumbani bila kutoa pesa kwa kitu usichokihitaji.

1. Anza na uliyo nayo

Kabla ya kununua chochote, chungulia chini ya pikipiki yako. Pikipiki nyingi za biashara huja na stendi mbili: ya pembeni na ya katikati. Stendi ya pembeni ni ya kuegesha tu, wala si ya kufanyia kazi. Ya katikati ina miguu miwili, na ukiikanyaga vizuri gurudumu la nyuma hubaki hewani. Hiyo inatosha kusafisha na kukaza cheni, kuangalia breki ya nyuma na hata kuvua gurudumu la nyuma.

Kwa hiyo mwenye stendi nzima ya katikati huenda hahitaji kununua nyingine. Ikague kwanza. Je, miguu yote miwili inagusa chini sawasawa? Springi ipo na inavuta? Bolti zimelegea? Kuna ufa mahali pa kuchomelea? Hewa ya chumvi ya pwani hula chuma polepole, hasa palipobanduka rangi. Kurekebisha stendi hiyo kwa fundi wa kuchomelea mara nyingi ni nafuu kuliko kununua mpya.

2. Kama haitoshi, zijue aina zake

Stendi ya nyuma. Hii ni fremu ya chuma yenye magurudumu madogo mawili na mpini mrefu. Hunyanyua pikipiki kwa kuushika mkono wa nyuma, yaani vile vyuma viwili vinavyobeba ekseli ya gurudumu la nyuma. Inamfaa ambaye pikipiki yake haina stendi ya katikati. Hakikisha sehemu za kushikia zina mpira, na kwamba bomba la moshi na vyuma vya kukanyagia abiria havizuii stendi kuingia.

Jeki ya mkasi. Huwekwa chini ya pikipiki na kuinuliwa kwa kuzungusha skrubu. Inasaidia unapotaka kuinua gurudumu la mbele. Lazima ishike vyuma vya fremu, isishike bomba la moshi wala bolti ya kumwagia oili. Kama chini ya injini ya pikipiki yako hakuna fremu ya kushika, jeki hii haikufai. Isitumike peke yake pia. Pikipiki iwe imesimama kwa stendi ya katikati, na jeki isaidie tu kunyanyua upande wa mbele.

Stendi ya mbele. Huinua pikipiki kwa kushika uma wa mbele. Itumike tu ikiwa nyuma tayari imeshikwa imara. Kwa mwendeshaji wa kawaida, kazi yake ni chache mno kuweza kurudisha gharama.

Meza ya kupandishia. Hii huibeba pikipiki nzima hadi usawa wa kiuno cha fundi. Ni chombo cha gereji. Kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga itachukua nafasi ya majirani, na kadiri pikipiki inavyokaa juu ndivyo ajali ya kuanguka inavyozidi ubaya.

3. Chukua vipimo nyumbani

Usiende dukani au kwa fundi ukiwa na picha tu ya stendi. Beba vipimo vinne:

• Uzito wa pikipiki, pamoja na keria na vyuma ulivyoongeza. Chagua stendi inayobeba zaidi ya uzito huo wote. Kwa pikipiki ya kilo 120, uliza stendi ya kilo 200.
• Upana wa mkono wa nyuma, kutoka ukingo wa nje wa kushoto hadi wa kulia.
• Kimo kutoka chini hadi mkono wa nyuma, pikipiki ikiwa imesimama wima.
• Nafasi iliyopo nyuma ya pikipiki mahali unapofanyia kazi. Mpini unahitaji nafasi ya kushuka.

Stendi haihitaji kuinua sana. Gurudumu likiwa sentimita 3 hadi 5 juu ya ardhi, linazunguka na kazi inafanyika. Anayejisifu kwamba stendi yake inainua zaidi hajakupa faida yoyote.

4. Hesabu ndogo ya nguvu

Wengine huogopa kwamba hawataweza kuinua. Stendi ya nyuma hufanya kazi kama wenzo. Chukua pikipiki ya kilo 120. Upande wa nyuma una takriban nusu yake, yaani kilo 60. Tuseme kutoka gurudumu dogo la stendi hadi mahali inapoishika pikipiki ni sentimita 10, na hadi mwisho wa mpini ni sentimita 60. Mpini ni mrefu mara 6, kwa hiyo utasukuma kama mtu anayesukuma kilo 10. Ukikata mpini ubaki sentimita 30, utasukuma kilo 20. Ndiyo maana stendi yenye mpini mfupi ni rahisi kuihifadhi lakini ni ngumu kuitumia.

Hata ukichongewa na fundi wa jua kali, hesabu ni hiyo hiyo. Mwambie atumie bomba zito la chuma, achomelee viungo pande zote badala ya kushikiza kwa nukta, na apake rangi ya kuzuia kutu. Miguu iwe na upana wa kutosha. Ikiwa myembamba, stendi huyumba hata kama chuma chake ni kizuri.

5. Usisahau sakafu

Stendi hiyo hiyo inaweza kuwa salama kwa jirani na hatari kwako. Juu ya saruji au kabro iliyo sawa, miguu hutulia. Juu ya mchanga au maram iliyolowa mvua, mguu mmoja huzama na pikipiki ikalala. Tafuta kipande cha ubao mpana na mnene, au bati nene la chuma, ukiweke chini ya stendi. Mara nyingi ubao huo ndio utakaokufaa kuliko stendi mpya. Usifanye kazi mahali penye mteremko, wala kwenye njia ya kuingilia ambapo watu wanapita.

6. Ukiinua, fuata mpango

• Acha injini ipoe. Zima, toa ufunguo, uweke mfukoni.
• Waondoe watoto, na mwombe mtu mzima mmoja ashike usukani.
• Inua polepole. Pikipiki ikiwa juu, isukume kidogo kwa mkono kushoto na kulia. Ikiyumba, ishushe uanze upya.
• Zungusha gurudumu kwa mkono unaposafisha cheni. Kamwe usisafishe cheni injini ikiwa inawaka. Kitambaa kikinaswa kati ya cheni na sproketi, kinavuta vidole, na vidole havirudi.
• Usilale wala kuingiza mguu chini ya pikipiki iliyoinuliwa.
• Usiondoke ukaiacha juu, hata kwa kwenda kununua bolti.

Ukiunguzwa na bomba la moshi, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Na ukimwaga oili chakavu, ikinge kwenye karai na uihifadhi kwenye mtungi wenye kifuniko. Maji ya mvua ya upande huu wa bara huteremkia kwenye mahori ya bahari, na oili iliyomwagwa mtaroni hufika huko pamoja nayo.

7. Njia ya pamoja

Stendi ya nyuma hutumika labda mara mbili kwa mwezi. Wanasteji kumi wenye pikipiki za aina moja hawahitaji stendi kumi. Wanaweza kuchanga, wakanunua moja iliyo imara, wakachagua wa kuitunza na kuikagua. Fedha inayobaki ikanunue tairi na breki, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyomrudisha abiria nyumbani salama.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini stendi ya pembeni haifai kwa kukaza cheni?
2. Pikipiki yako ina uzito gani pamoja na keria, na stendi unayoitaka inabeba kilo ngapi?
3. Uwanja wako ni wa saruji, kabro au mchanga? Utaweka nini chini ya stendi?
4. Mpini ukifupishwa nusu, nguvu unayohitaji inaongezeka mara ngapi?

Ukiweza kuyajibu yote ukiwa umesimama kando ya pikipiki yako, uko tayari kwenda dukani. Na ukigundua kwamba stendi ya katikati uliyo nayo ni nzima na ubao upo, basi pesa zako zibaki mfukoni.